Jike au Dume: Waya wa Gari la Bi Mize

Mwanangu unayenisikiliza, hiyo simu iweke kifudifudi kidogo. Nataka kukusimulia siku niliposikia neno moja likipigiwa kelele gerejini kwangu, hapo Wete, nikashtuka hata bisibisi ikaniponyoka na kutumbukia kwenye injini. Nywele zimenipiga mvi sasa, lakini nikiikumbuka siku ile moyo bado unaniruka.

Nilikuwa kijana, nina gereji ndogo nyuma ya soko. Kazi zangu zilikuwa vespa, pikapu za kubebea karafuu, na taksi mbili tatu zilizochoka. Asubuhi moja gari likasukumwa hadi mlangoni pangu na vijana wa sokoni, na ndani yake, nyuma ya usukani, amekaa Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mkunga. Nusu ya vijana waliokuwa wakimsukuma aliwapokea yeye duniani, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kudai hata soda. Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la Kijerumani, la zamani, limelala chini kama kaa, milango miwili, usukani upande wa kushoto. Mwanawe alilileta kutoka Maskati, akarudi kazini kwake huko, akamwachia mama ufunguo. Watu walidhani litafugiwa kuku. Bi Mize akajifunza kuendesha, akawa anaonekana barabarani na buibui lake, kiti amekiwekea mto ili aone mbele.

"Faki," akaniambia, "hili likipata moto linazimika. Likipoa linawaka. Miye sitaki maneno mengi, nataka lifike Chake bila kusimama."

Nilijua kwa nini. Binti yake, Time, alikuwa mjamzito, na daktari alikwishasema safari hii atajifungua kwa upasuaji, huko huko hospitali ya Chake. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni wakiwa njiani. Kwa hiyo gari lile halikuwa la fahari, mwanangu. Lilikuwa la kumwokoa mtu.

Hapa nikueleze taratibu, maana kisa chote kimekaa hapa. Magari ya siku hizi, ukiinama chini ya usukani, unakuta soketi bapa. Unachomeka mashine ya kupimia, nayo inakwambia wapi pabovu. Karibu yote yana soketi ya namna moja. Ya zamani hayakuwa hivyo. Kila kiwanda kiliweka soketi yake, kwa umbo lake na mahali pake. Ya Bi Mize ilikuwa chini ya boneti, ya duara, ina kifuniko cheusi cha kuzungusha kama cha chupa ya samli. Mashine yangu ilikuwa na plagi bapa yenye vijiti. Basi nilihitaji waya wa kuziunganisha: ncha moja ya duara kwa ajili ya gari, ncha nyingine bapa kwa ajili ya mashine.

Na kila ncha sisi mafundi tuna jina lake. Yenye vijiti ni dume. Yenye matundu ni jike. Gari la Bi Mize lilikuwa na jike, kwa hiyo lilitaka dume. Ni rahisi, sivyo?

Nikampigia simu muuza spea wa Tanga. Simu za wakati ule hazikupiga picha, na mtandao ulikuwa wa kukamata kwa kupiga kelele. Kwenye benchi langu alikuwa amekaa Shehe Omar akisubiri vespa yake. Bi Mize yumo garini, mlango wazi. Yule muuzaji akaniuliza, "Duara jike au duara dume?"

Nikamtazama shehe. Nikamtazama Bi Mize. Unacheka, lakini jiweke mahali pangu: kijana wa Kipemba, bado sijaoa, nipige kelele "dume" na "jike" mbele ya shehe na mama mtu mzima! Ulimi ukanata.

"Huo huo wa kawaida," nikasema.

"Wa kawaida upi?"

"Huo unaoelewana na gari."

"Haya," akajibu kwa shaka, akakata.

Waya ukaja na boti. Nikaufungua mbele ya Bi Mize kwa mbwembwe zote, nikazungusha kifuniko, nikasogeza ncha ya duara. Matundu yalikuwa yanatazamana na matundu.

"Kuna nini?" akauliza Bi Mize.

"Amekuja... amekuja mwenzake, mama."

"Mwenzake nani?"

"Mwenzake huyu huyu aliyemo."

"Faki, weye unazungumza na mimi au unasoma uganga?"

Nikapiga tena Tanga, safari hii nimeupa mgongo umma, nimeinamia injini, mkono wenye bisibisi umefunika mdomo. Muuzaji akawa anasema, "Sikusikii! Sema kwa sauti! Jike au dume?" Nami nanong'ona, "Ule mwingine, yakhe. Ule mwingine."

Ghafla simu ikanyakuliwa mkononi mwangu.

"Wee baba, nisikilize!" Sauti ya Bi Mize ikatoka kama ya muadhini. "Gari lina JIKE! Linataka DUME! Dume la duara! Umenisikia au nirejee?"

Hapo ndipo bisibisi iliponiponyoka. Kule sokoni, ng'ambo ya ukuta, mwuza vitunguu alikatiza bei katikati. Shehe Omar akasema "Astaghafirullahi," akainamisha kichwa. Kisha, mwanangu, bila kuinua kichwa, shehe akakohoa akasema, "Bi Mize, na ile ncha bapa ya upande wa mashine, mwambie iwe jike."

Nilishtuka mara ya pili. Kumbe mzee alikuwa ameshafahamu kila kitu!

Bi Mize akamaliza kuagiza, akanirudishia simu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akakaa kwenye benchi, akaniambia maneno ambayo sikuwa nimeyatazamia.

"Unajua mjukuu wangu alikufaje? Miye nilikuwa kwa mzazi mwingine, kijiji cha mbali. Time akaona damu. Mkwewe alikuwa na pikapu uani. Time akaona haya kumtajia baba mkwe damu. Akamwambia ana homa. Mzee wa watu akasema, basi nikashushe karafuu kwanza, nikirudi nitakupeleka." Akaukunja ukingo wa buibui lake. "Mzee yule hana kosa. Aliambiwa homa. Nami leo nakuona weye unamwambia mtu wa Tanga 'ule wa kawaida'."

Nikainama kuitafuta bisibisi yangu ndani ya injini.

Waya wa pili ukaja, ukaingia kwa mlio mdogo mtamu, klik. Mashine ikasoma: sensa, yaani kile kihisi cha kuhesabu mizunguko ya injini, inapoteza mawasiliano. Nikaufuata waya wa sensa ile kwa vidole, nikaukuta umegusa bomba la moshi na kuungua ganda. Bomba likipata moto, shaba inagusana, gari linazima. Nikabadilisha kipande kilichoungua, nikaufunga waya mbali na bomba. Siku ile ile Bi Mize akaenda Chake na kurudi, gari halikukohoa.

Haikupita muda, siku ya soko, saa ambayo njia yote imejaa mikokoteni na matenga, nikasikia honi. Lile gari. Bi Mize kwenye usukani, Time pembeni yake, na mbele yao watu hawasogei. Wanadhani ni mambo ya kawaida, mkunga na gari lake la ajabu. Time akateremsha kioo, akatoa kichwa nje, msichana yule yule aliyeona haya kwa mkwewe, akapiga ukelele:

"Damu inanitoka! Tupisheni!"

Wallahi, mwanangu, nilishuhudia wanaume wazima wakiduwaa, kisha wakibeba mikokoteni mabegani. Mwuza vitunguu alilisukuma tenga lake mtaroni mwenyewe. Njia ikafunguka, gari likapita, mngurumo wake ukapotelea upande wa Chake bila kukatika hata mara moja. Alasiri Bi Mize akanipigia simu. Alisema maneno mawili tu: "Wote wazima." Nikakaa chini kwenye mafuta ya gereji, nikalia.

Haya, yaani kuona aibu, ni pambo zuri, mwanangu, na sitaki uivue. Iweke machoni mwako, katika mavazi yako, katika namna unavyomsalimia mkubwa wako. Lakini kitu kilichoharibika kina jina lake, na atakayekusaidia yuko mbali, haoni unachokiona wewe. Ana maneno yako tu. Ukimpa neno la kuzungukazunguka, atakuletea msaada wa kuzungukazunguka. Wala usiogope kwamba utachekwa. Watakaocheka watakuwa wa kwanza kukupisha njia.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli, na akupe masikio ya watu wema upande wa pili.

Basi kesho ukitaka kuagiza waya wa gari la zamani, fungua boneti kwanza, zungusha kile kifuniko, tazama kwa macho yako ni matundu au vijiti, ndipo upige simu, na useme kwa sauti: jike, au dume.