Mvua ya Kwenye Kaseti

Wapo wanaoniita Mama Mvua mpaka leo, na mimi naitika tu, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa mdomo wangu, tena kwenye harusi ya mwanangu Skola, mbele ya wakwe na padri.

Miaka ile ndiyo vitu vimeanza kujaa madukani, kila nyumba Mbinga inataka redio kaseti, na sokoni walikuwa wanauza kaseti za nasaha za harusi, mama mmoja wa sauti nzito anaongea habari za familia. Mimi kusoma nimesomea ukubwani, darasa la jioni pale parokiani, na nilijua tukishuka ziwani kwa wakwe, kina mama wa kule watanipima kwa maneno, nikibabaika mwanangu ndiye atakayedharauliwa. Basi badala ya kukaa nifikirie cha kumwambia, nikanunua kaseti, nikawa naisikiliza huku nachambua kahawa mpaka nikaikariri yote (na rozari nilisali, nisisahau hata neno).

Tukafika Mbamba Bay, tukalala kwa wakwe. Kesho yake, baada ya misa, jua linachoma mpaka mchanga haukanyagiki, nikaitwa kwanza mimi kutoa nasaha. Nikasema familia ni kanisa dogo, mume kichwa, mke moyo, upendo, uvumilivu, sala, watu wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi, nami nikanogewa, nikaendelea vilevile: "Wanangu, naona mvua inataka kunyesha, basi nifupishe."

Watu wakatazama juu. Hata wingu hakuna. (Kumbe siku yule mama aliporekodiwa kulikuwa na mvua, na mimi nikamkariri na mvua yake.)

Hilo lingepita. Akaitwa mama wa bwana harusi, Mama Festo. Akaanza: familia ni kanisa dogo, mume kichwa... akakwama hapohapo, maana ni yaleyale yangu. Nyuma mtu akasema kanda imerudishwa, watu wakacheka. Shangazi yake Festo akainuka kwa hasira, akasema eti mimi jana nimelala pale kwao, nimemsikia wifi yake, Mama Festo, akijifunza hotuba, nimemwibia maneno, na kama mama ndiye huyu, binti je? Skola akainama, akajifunika uso kwa shela.

Ikabidi nisimame tena. Nikasema maneno si yangu, lakini sikuyaiba pale, nimeyanunua kwenye kaseti sokoni Mbinga.

Mama Festo akaniangalia, akaanza kucheka polepole. "Na mimi niliagiza hiyohiyo, mkwe. Sasa hata mvua hukuniachia?"

Wakacheka wote, hata shangazi. Kisha akamgeukia Skola, kaseti imeshamwishia, akaongea kama yuko jikoni kwake: "Mwanangu, huku dagaa ni kila siku, na wewe wa milimani umezoea maharage. Ukiwachoka, njoo kwangu mchana, nitakupikia maharage. Na ukitaka kumsema Festo, mseme kwangu, mimi ndiye niliyemdekeza."

Skola akalia, na mimi nikalia, maana mimi niliyemzaa nimeongea muda wote ule na hakuna neno hata moja ambalo asingeambiwa bibi harusi mwingine yeyote.

Sasa ukimuuliza Skola mama yake alimwambia nini siku ya harusi, anajibu mvua inataka kunyesha. Mdogo wake akiolewa, nimemwahidi Mungu, nasimama bila kaseti. Nitawaambia wakwe huyu haamki mapema, na ukimwamsha ananuna mpaka anywe chai, mvumilieni. Halafu nitakaa.