Sura Inayocheka

Kijiji kizima kilimwita mdogo wangu Trekta, kwa sababu alikuwa anamaliza robo ekari kwa jembe la mkono huku wenzake bado wanatafuta kivuli. Walidhani wanamsifu. Mimi niliyelala chumba cha pili, nikimsikia akigugumia kwa maumivu ya viganja, nilijua jembe alilichukia. Alichokitaka ni trekta lenyewe. Ukutani alibandika picha ya injini aliyoichana kwenye kalenda ya duka la pembejeo. "Hii pampu ya dizeli, dada, na hili chujio," alikuwa akiniambia, nami nikiitikia ndiyo, ndiyo, huku nachambua maharage.

Wageni wa mradi wa kilimo walipokuja kuuliza vijana kama wanaridhika na kazi zao, mimi ndiye niliyemharibia. Asubuhi ile, akinawa uso, nilimwambia, "Usije ukatutia aibu mbele za wageni. Baba atakuwepo." Neno hilo linanikereketa mpaka leo.

Mmoja wa wageni hao, tuliyemwita mama wa fomu, alikalia kiti tulichoazima kwa jirani. Alikuwa na karatasi yenye sura tano, ya kwanza inalia, ya mwisho inacheka meno yote nje.

"Kijana, onyesha inayofanana na wewe ukiwa shambani."

Baba akakohoa kidogo. Mdogo wangu akamtazama baba, akanitazama mimi, akaweka kidole chenye sugu juu ya ile inayocheka. "Naridhika kabisa, mama. Baba ametulea vizuri."

Ikafika zamu ya binamu yetu, mtoto wa baba mdogo, ambaye tunamwita Mgongo kwa sababu hajawahi kumaliza tuta moja bila mgongo kumuuma. Huyo haya hana. Aliigonga sura inayolia mara tatu. "Hii hapa! Tena hii ina afadhali kuliko mimi. Bora kufa kuliko kulima." Baba mdogo akainama kwa aibu, na sisi tukamcheka.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Nafasi ilikuwa moja, ya mafunzo ya kuendesha na kutengeneza trekta, na ilikuwa ya kijana asiyeridhika, ili apate sababu ya kubaki kijijini. Hakuna aliyetudokeza mapema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo wasemavyo. Mdogo wangu aliinama miaka tisa, na cha mvunguni akapewa asiyeweza kuinama.

Alimsihi baba aende akawaeleze.

"Nikaseme tuliwadanganya wageni?" baba akamjibu. "Si umesema mwenyewe umeridhika?"

Mgongo alirudi baada ya miezi sita akiendesha trekta la mradi. Kwa asubuhi moja alimaliza shamba ambalo mdogo wangu angelilima wiki tatu, na waliozoea kumwita mdogo wangu awalimie kwa ujira wakaacha kumwita. Ikabaki kazi moja tu: kutangulia mbele ya trekta akiondoa mawe na visiki. Binamu alimpa hiyo, eti kwa huruma. Wanakijiji wakapata kichekesho kipya, Trekta anainama huku Mgongo anapiga honi. Jina hawakumvua.

Mwaka uliofuata mama wa fomu alirudi na karatasi ileile. Alitukuta shambani, mimi nimempelekea mdogo wangu maji, baba yuko nyumbani. Nikamwambia mdogo wangu, "Leo sema kweli. Mficha uchi hazai!"

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama, ile nafasi ipo tena?"

"Hapana, mwanangu. Mwaka huu tunapima tu kama mmefurahi."

Nyuma yetu honi ikapigwa. Mdogo wangu akaweka kidole palepale pa mwaka jana, akaacha alama ya udongo kwenye yale meno, kisha akakimbilia jiwe.