Pikipiki ya Mnada wa Mavuno

Jirani yangu hapa Engutoto, nilikohamia ukubwani, ni fundi wa pikipiki. Juzi alikuwa anapuliza rangi nyekundu kwenye tangi la mteja, na upepo ukaileta ile harufu mpaka kibarazani kwangu nilipokuwa nachambua maharage. Rangi mbichi, petroli kidogo ndani yake, na chuma kilichotoka kupigwa msasa. Mguu wangu wa kushoto ukaanza kuuma kabla sijakumbuka chochote. Nikaingia ndani, nikafunga dirisha, na harufu ikaingia nami. Basi nimeona niwaandikie ninyi msionijua, maana wanaonijua wameshachoka kunisikia.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Na majina nitayataja. Naftali, mdogo wake baba. Elibariki, kaka yangu. Na baba mwenyewe, ambaye amelala kwenye migomba yetu na hawezi tena kunikemea.

Kwetu ni juu, mteremko wa Meru, si mbali na msitu. Asubuhi ukungu ulikuwa unashuka mpaka kwenye kahawa, unasikia matone yanadondoka kwenye majani ya migomba na huoni kitu. Tulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na baba aliamua kwamba badala ya kuwauzia wapita njia, maziwa yashuke mjini kila siku kwa pikipiki. Ndogo tu, iliyotumika, kijana ajifunzie humo humo akiwa kazini.

Kijana mwenyewe alikuwa Elibariki. Sikuulizwa. Tulikuwa wavulana watatu, mimi wa katikati. Kwetu wa kwanza hupewa kwa kuwa ni wa kwanza, na wa mwisho hubaki na nyumba ya baba. Wa katikati hupewa salamu. Ng'ombe nilikuwa nawakatia majani mimi, kuwakamua nakamua mimi, lakini atakayekaa mbele ya yale maziwa, miguu miwili kwenye gia na breki, upepo ukimjaza shati, alikuwa ni yeye. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Usiku nilimsikia akikoroma kitanda cha pili, nikamchukia kwa kila pumzi aliyovuta.

Pikipiki ya kwanza tulikwenda kuiona Elerai. Ilikuwa ya bibi shamba mmoja, Mama Upendo, afisa kilimo aliyekuwa anahamishiwa mkoa mwingine. Alimwambia baba tufike asubuhi na mapema, kabla hajaiwasha. Tukamkuta anafagia uwanja, kanga kiunoni. Pikipiki imeegemea ukuta, ya kijani iliyopauka, tangi limebonyea, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Shikamoo mama," tukasema mimi na kaka.

"Marahaba wanangu. Nani anayejifunza?"

Elibariki akanyoosha kidevu. Mama Upendo akamshika mkono, akauweka juu ya injini. "Ni ya moto?"

"Hapana, ni baridi."

"Basi piga kiki. Ukifika kwa mtu ukakuta injini yake ina joto, ujue ameiamsha kabla yako, na kuna kitu hataki ukione."

Akapiga mara ya pili ikaitika. Moshi ulikuwa mwembamba, ukakatika. Mama Upendo akamwambia baba akae nyuma ya bomba, aangalie kama unatoka wa bluu, maana huo ni injini inayokunywa oili. Akamfunulia kiti tuone chini yake. Akamwambia atikise gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Akainua cheni kwa kidole. Kisha akamkalisha Elibariki juu, akachungulia viatu vyake.

"Visigino vinafika chini? Vizuri. Anayejifunza anataka ardhi iwe karibu. Na rangi yake haijaguswa tangu inunuliwe. Kutu mnayoiona ndiyo yote iliyopo."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikisikiliza ile injini. Ilikuwa inaita taratibu, kama mtu anayepiga mluzi akiosha vyombo. Nilitamani hadi nikameza mate. Baba akasema ataichukua malipo ya kahawa yakitoka, Mama Upendo akakubali kumngojea.

Njiani kurudi, Elibariki alikuwa amenuna.

"Baba, mimi nipande pikipiki ya mama? Wataniita bibi shamba mpaka nizeeke."

"Watakuita wakiwa kwa miguu," baba akajibu, na hapo nilimpenda baba. Laiti tungeishia hapo.

Sasa Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kama hujakulia huku kwetu nikueleze. Watu huleta kanisani walichovuna, mikungu ya ndizi, mayai, jogoo, maziwa kwenye kibuyu, na baada ya ibada vinanadiwa nje, fedha inaingia sadakani. Kitu cha shilingi kinanunuliwa kwa bei ya mara tatu, na aliyenunua anaweza kukirudisha kinadiwe tena. Hakuna anayebonyeza ndizi kuangalia kama imeiva. Hakuna anayetikisa yai. Ukifanya hivyo watu watakutazama kama uliyeingiza mkono kwenye kapu la sadaka.

Mnadishaji alikuwa mzee Ezra, mtu wa utani. Alikuwa ameshika jogoo kichwa chini akimwambia mama mmoja kwamba huyu ana upako kuliko mume wake, watu wanacheka, ndipo tukasikia muungurumo. Baba mdogo Naftali akaja na pikipiki yake mpaka katikati ya watu. Nyekundu. Imepakwa rangi upya toka kwenye shingo mpaka mkiani, inang'aa unajiona meno. Akaizima, akashuka, akavua kofia.

Mjue kwamba Naftali ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na pikipiki. Alikuwa na duka. Miaka yote alipita mbele ya shamba letu akipiga honi, na baba, ambaye ni mkubwa wake, anajibana kwenye kahawa na mzigo wa majani kichwani kumpisha.

"Bwana amenibariki, napata gari," Naftali akasema. "Hii namtolea yeye."

Watu wakapiga makofi. Mwinjilisti akafuta macho. Elibariki akanishika bega kwa nguvu, kumbe hata hajui kama ni bega langu.

Mzee Ezra akaanza. "Nani atambeba Yesu kwa magurudumu mawili? Ninyi wa kahawa mnajificha nyuma ya wake zenu, nawaona." Mtu akataja, mwingine akapandisha. Nikamwona baba anasogea mbele. Hakuwa anaitazama pikipiki. Alikuwa anamtazama Naftali. Akataja kiasi, Naftali akatabasamu kama mtu anayemhurumia mwenzake, basi baba akapandisha juu ya bei yake mwenyewe, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Huyu anashindana na kivuli chake," Ezra akasema, watu wakaangua kicheko.

Nikapenya mpaka kiunoni kwa baba. "Baba, ina joto. Imeendeshwa saa hii. Tuingoje ipoe tuiwashe wenyewe. Tuangalie chini ya tangi."

Hakunigeukia. "Nyamaza. Kitu cha Mungu hakikaguliwi."

Na malipo ya kahawa yaliyotoka wiki ile, yaliyokuwa ya Mama Upendo, yakaingia sadakani yote.

Elibariki alijifunza kwenye uwanja wa shule. Kiti kilikuwa juu, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyofika chini, kila akisimama anayumba kama ndama aliyezaliwa leo. Ikikataa kuwaka, na ilikataa karibu kila asubuhi, naitwa mimi nisukume. Nilisukuma mbio kwenye vumbi, inakohoa, inatoa moshi wa bluu usoni kwangu, inawaka, anaondoka, nabaki na mikono mitupu. Siku nzima nilikuwa nikinusa petroli kwenye viganja vyangu kama mtu anayenusa chakula cha wengine. Kuosha nikawa naosha mimi. Nikimaliza napanda, nashika usukani, nafanya mlio kwa mdomo. Mama alinikuta siku moja, akageuka akarudi jikoni.

Siku moja ya kiangazi Elibariki akasema twende Momela kwa shangazi. Shangazi alikuwa kisingizio. Alitaka binamu zetu wa kike wamwone.

"Nami nije?" nikauliza, moyo unaruka.

"Ikizima nani atasukuma?"

Nikapanda nyuma. Nawaambieni ukweli, hata kwa jibu lile nilifurahi. Tulipita Ngongongare, barabara ya vumbi, msitu upande mmoja, twiga wawili wametuangalia juu ya miti kama wazee wa kanisa. Nilikuwa nimemshika kaka kiunoni, natazama mabega yake, nawaza, siku moja nitakaa hapa alipokaa.

Kwenye mteremko, gurudumu la mbele likaingia kwenye bonde dogo la mvua. Nilisikia mlio kama mtu anavunja muwa. Usukani ukabaki mikononi mwa Elibariki na sehemu nyingine yote ya pikipiki ikaendelea na safari yake. Yeye alirushwa kwenye majani. Mimi niliangukiwa. Bomba la moto lilikaa juu ya mguu wangu, na mfupa ulikuwa umetoka kuangalia jua.

Elibariki akasimama, akajipangusa suruali. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Imeharibika sana?"

Alikuwa anaulizia pikipiki.

Wanaume waliokuja kunitoa ndio walioona. Shingoni, pale fremu inapokutana na usukani, palikuwa pamevunjika zamani, pakachomelewa, pakapakwa rangi. Ndani ya mpasuko kulikuwa na kutu ya siku nyingi. Baba alimtafuta mchomeleaji mpaka akampata, naye akasema bila kuficha kwamba aliyeileta ni Naftali, na alimwonya kuwa haitadumu.

Nilikaa hospitali mpaka mvua zikaanza na kwisha. Nilipotoka, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na shule ndiyo ilikuwa imeniacha moja kwa moja. Baba akanichukua, mimi na magongo yangu, mpaka dukani kwa Naftali.

"Ulijua," baba akamwambia.

Naftali alikuwa anapima sukari. Akamaliza kupima kwanza. "Kaka, mimi nilikuuzia kitu? Nilimtolea Mungu. Wewe umenunua kwa Mungu. Kama una lawama, mpelekee aliyekuuzia."

Ungemshitaki wapi mtu kama huyo? Kwa wazee wa kanisa, walioimba haleluya siku ile? Tukarudi nyumbani pole pole, yeye akinisubiri kila baada ya hatua chache.

Pikipiki ya Mama Upendo ilinunuliwa na jirani yetu wa bonde la pili, mtoto wake Samweli akaipanda. Kijana wa rika langu. Kwa miaka alishusha maziwa nayo, kila asubuhi anapita, ina ule mluzi wake, haijapakwa rangi hata siku moja. Samweli alijenga kwa ile pikipiki. Alioa kwa ile pikipiki. Mimi nimekaa kwenye kiti cha ngozi nje, mguu nimeunyoosha, namhesabia. Elibariki naye baba alimnunulia nyingine, kisha akaenda mjini, ana gari ya kupeleka watalii mbugani. Anakuja Krismasi, ananiletea shati. Mashati ninayo mengi.

Baada ya kumzika baba, nilikuwa na mama jikoni tunamenya ndizi, nikamuuliza jambo lililonikaa miaka yote. Kwa nini siku ile baba alipandisha bei yake mwenyewe?

Mama akaendelea kumenya. "Baba yako alipanda ile pikipiki ya Naftali mara moja tu. Kabla hujazaliwa, ilipokuwa mpya. Walikuwa wanakwenda sokoni Usa. Walipofika kilima cha kwanza Naftali akamwambia, kaka shuka, unaiumiza. Akashuka. Naftali akaenda hakurudi. Baba yako alitembea mpaka Usa, akarudi, hakula."

"Hakusema kitu?"

"Alisema nilale."

Nilikuwa nimedhani wivu ni ugonjwa wangu peke yangu, niliouokota kwa kuwa wa katikati. Kumbe ulikuwa mkubwa kuliko mimi, ulikuwepo nyumbani kabla sijazaliwa. Siku ile ya mavuno baba hakuhitaji pikipiki iliyo nzima. Alihitaji kile kiti, na akakinunua mbele ya watu wote ili mdogo wake aone. Halafu akamweka juu yake mtoto wake wa kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kwanza aliyeshushwa. Naftali nimemkataa mpaka leo, na salamu zake sizipokei. Baba nimeshindwa kumkasirikia kama zamani. Nimejaribu.

Nina wavulana wawili. Mwezi uliopita tulikwenda kutafuta pikipiki iliyotumika, ndogo, ya kujifunzia na ya kazi. Tuliona nne. Moja ilikuwa na joto tulipofika, tukaondoka bila kuaga. Ya nne ilikuwa mbaya kwa sura, nikaweka mkono wangu kwenye injini, baridi kama jiwe la mtoni, ikawaka. Mwanangu mkubwa akarusha mguu, akapanda.

Nikamwona mdogo wake. Alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anasikiliza injini, anameza mate.

"Wewe shuka," nikamwambia mkubwa. "Aanze huyu."

"Baba, mimi ndiye mkubwa."

"Najua. Nilikuwepo ulipozaliwa. Shuka."

Mdogo akapanda, visigino vikafika chini. Mkubwa hajanisemesha tangu siku ile. Ananiwekea chai mezani, anageuka, anaondoka. Nimemlea mwenyewe, nalijua lile jicho analomtazamia mdogo wake akitoka getini. Namwacha tu anune.