Daftari la Viuno

Mimi ni fundi cherehani, na kila kiuno nakipima mara mbili. Mara ya kwanza mteja huwa amevuta tumbo ndani. Mara ya pili, nikimuuliza habari za mkwewe, analiachia. Hicho cha pili ndicho ninachokiandika.

Naandika kwenye daftari, lakini majina siandiki. Mji wetu wa Masoko ni mdogo, na siku daftari lile likiangukia mikono mingine, ndoa mbili tatu zitavunjika. Naandika "mama wa chumvi", "mwalimu mrefu", "bibi harusi wa Kikole". Madaftari yamefika kumi na tisa, kila mwaka lake, yamepangana juu ya kabati karibu na mkebe wa vifungo. Huku kwetu harusi haiendi bila sare, na sare haishonwi kwa kukisia. Mwanamke mmoja naweza kumpima mara nne kwa mwaka, na kila mara akanipa sababu mpya ya kitambaa kutomtosha. Kosa siku zote ni la kitambaa.

Daftari la kwanza, mstari wa kwanza kabisa, ni "dada mkubwa". Huyo ni dada yangu wa kuzaliwa. Mama yetu alifariki nikiwa sijui hata kufunga vifungo vyangu, achilia mbali kuvishona. Dada akanilea kwa kuuza kamba wakavu, na kamba hao ndio walioninunulia cherehani. Mwaka ule kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na tatu.

Halafu mambo yakanyooka, tukawa tunakula. Thelathini na sita, thelathini na tisa, arobaini na mbili. Kila nilipoongeza inchi nilijisifu, maana dada mnene ni cheti ambacho ndugu zake hawana haja ya kukibandika ukutani. Watu walimsalimia "umenenepa!" naye akajibu "alhamdulillahi" kama aliyepewa zawadi. Mwaka wa kumi na mbili, kwa sare ya Idi, kilifika arobaini na saba.

Mwaka huohuo, harusi iliyofuata, nikampima, nikampima tena. Arobaini na tatu.

"Dada, futi langu limerefuka au wewe umepungua?"

"Mdalasini na ndimu," akasema, huku anajizungusha mbele ya kioo. "Kila asubuhi. Waambie na hao wateja wako wanaokuvunjia viti."

"Umependeza. Umerudi msichana."

"Basi nipunguzie bei. Kitambaa kimekwenda kidogo."

"Kitambaa kidogo, kazi ileile. Kupunguza gauni ni kazi zaidi ya kulishona."

Tulicheka. Siku ile alikunywa vikombe vitano vya maji kwenye mtungi wangu na akaenda uani mara tatu. Mimi mtu wa kuhesabu, nilihesabu. Nikasema ni joto. Harusi iliyofuata kiuno kilikuwa arobaini, nikampongeza tena.

Aliambiwa ana kisukari mwaka jana tu, msumari ulipomchoma unyayo bila yeye kuusikia na kidonda kikakataa kupona. Akapewa dawa za kumeza, akazimeza kwa utaratibu wa mtu anayelipa ada ya msiba: hadaiwi na mtu, lakini haoni faida.

Mwaka huu wakaja watafiti. Waliweka meza kwenye baraza la jengo linalotazamana na kibanda changu, wanapima sukari, uzito na viuno. Mkubwa wao alikuwa daktari, binti mdogo kutoka Dar, mpole, anashika futi kamba kama anayeshika nyoka aliyekufa. Nilivumilia viuno viwili. Cha tatu kilinishinda.

"Mwanangu," nikamwita kutoka ng'ambo, "umepima juu ya kanga mbili na fundo. Huyo mama umempa inchi tatu za bure."

"Mwache bwana, fundi!" akasema mama aliyekuwa anapimwa. "Cha bure wewe kinakuwasha nini?"

Binti alivuka barabara. "Shikamoo, baba. Basi nifundishe."

"Marahaba." Nikamfundisha, pamoja na lile swali la mkwe. Akacheka, na macho yake yakapanda juu ya kabati. Nilipomwambia yale ni madaftari ya nini, alinyamaza. Mnunuzi akinyamaza namna ile, bei inapanda yenyewe.

"Miaka kumi na tisa?" akasema. "Viuno vya watu walewale?"

"Walewale, isipokuwa waliokufa na walionikopa."

Nikaanza biashara. Nilijua wanatafuta wagonjwa wa kuwaingiza kwenye matibabu yao ya majaribio, mpango maalumu wa chakula na dawa, wakiangaliwa kwa karibu miezi mingi. Nikamwambia: madaftari yote chukua, dada yangu muingize.

"Hiyo siwezi kukuuzia, baba. Damu ndiyo inayoamua."

Akanieleza, na alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, na ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli ambavyo wenyewe wanaviita visiwa. Seli nyingine humwaga homoni ya kushusha sukari, ambayo ndiyo insulini, na nyingine humwaga homoni ya kuipandisha.

"Kumbe soko," nikasema. "Mmoja anashusha, mmoja anapandisha, wanakutana katikati."

"Ndiyo hivyo. Sasa mtu akinenepa sana, mwili unakuwa kiziwi. Hausikii insulini. Zile seli za kushusha zinalazimika kupiga kelele zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka zinapoteza sauti. Huyu wa kupandisha anabaki sokoni peke yake."

"Na zile zilizopoteza sauti zimekufa?"

"Nyingine zimekufa. Nyingine zimenyamaza tu, zimesahau kazi. Hizo ndizo tunazozitafuta. Mgonjwa akiwa mpya, ukimtua mzigo mapema, huenda zikakumbuka. Ndiyo maana tunawachukua wapya tu. Akishakaa nao miaka mingi..."

Sentensi aliiacha hapo, na mimi sikumdai.

Dada alipoulizwa mezani kwao ugonjwa umemwanza lini alisema mwaka jana, akaonyesha na kovu la msumari kama shahidi. Hakudanganya. Hiyo ndiyo tarehe aliyopewa.

Madaftari binti alikuja kuyasoma palepale kibandani, adhuhuri, wakati nasubiri mkaa wa pasi ushike. Aliuliza huyu ni nani, yule ni nani, namjibu. Akafika kwa dada mkubwa.

"Na huyu? Yupo kila daftari."

Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya biashara: usimwonyeshe mtu kitu kabla hujajua anakitakia nini.

"Huyo alihama," nikasema. "Kaolewa Nyangamara."

Aliufuata mstari kwa kidole, daftari hadi daftari, kupanda hadi arobaini na saba. Alipofika kwenye arobaini na tatu kidole kikasimama. Akageuza ukurasa. Arobaini. Akageuza tena. Thelathini na nane.

"Huyu sukari ilimwanza hapa," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongelea mgeni. "Au kabla kidogo. Hapa kongosho lilikuwa linaomba msaada. Alikuwa anakunywa maji sana?"

"Sikumbuki."

"Alipimwa?"

"Sijui, mwanangu."

"Inasikitisha. Angepimwa mwaka ule wa arobaini na tatu..." Akafunga daftari. Ilikuwa sentensi ya pili ananiachia bila mwisho, na hii nayo niliimaliza mwenyewe. Nikahesabu kutoka la kumi na mbili hadi la kumi na tisa. Miaka saba. Nikahesabu tena, kwa matumaini ya mjinga. Saba. Pasi ikachoma kola ya shati la watu.

Niliona hivi: karatasi yao inasema mwaka jana, na anayejua vingine ni mimi tu na daftari ambalo halitaji majina. Nimewahi kuuza kitambaa chenye dosari kwa kukikunja dosari ikiwa ndani. Nikaukunja mstari wa dada vilevile.

Siku ya kipimo kikubwa dada alikwenda na tumbo tupu, akanyweshwa kinywaji kitamu, akatolewa damu mara kadhaa, ili waone kongosho linajibu nini. Akarudi amenuna.

"Nimekaa na njaa tangu jana, halafu wananipa sharubati. Ningejua ningekwenda na kitumbua."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nisubiri. Lakini yule mtoto ananipenda. Ataniingiza. Nikinenepa tena utanitambua?"

Siku zile za kusubiri aliacha hata kuuliza bei sokoni. Dada yangu asipouliza bei, basi roho yake yote iko kwingine.

Majibu yalikuja kabla hawajafunga meza kuelekea Miteja. Binti alivuka barabara, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nimeshaongea naye," akasema. "Kongosho lake karibu halijibu kitu. Tumempa kinywaji, limekaa kimya. Hatuwezi kumwingiza. Nimemwandikia barua aanze sindano za insulini, asizikose."

"Lakini ni mgonjwa wa mwaka jana."

Aliniangalia. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Baba, yule dada wa Nyangamara hajambo?"

Nikalishusha daftari la kumi na mbili, nikamfunulia ukurasa wa arobaini na tatu.

"Ni huyu," nikasema.

"Nilidhani hivyo, majibu yalipofika."

"Ningekuambia siku ile, ingesaidia?"

"Siku ile, hapana."

"Na mwaka ule? Wa arobaini na tatu?"

"Labda," akasema. Neno lile nimeligeuza pande zote. Halipungui wala haliongezeki.

Wiki iliyofuata dada alikuja na gauni la sare la zamani, anataka lipunguzwe kwa harusi ya Ijumaa. Nikampima. Thelathini na moja. Nikamuuliza habari za mkwewe, nikampima tena. Ileile. Hana tena tumbo la kuvuta wala la kuachia.

"Wamenikataa," akasema. "Eti nimechelewa. Nimechelewa wapi, na mwaka jana ndiyo kwanza nimeambiwa?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nashukuru zile pini.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniona nimepungua," akaendelea, anajitazama kiooni. "Wakumbuka? Ukaniambia nimerudi msichana. Nilifurahi mie, nikatembea mji mzima."

Nikaweka alama za chaki, kushoto na kulia. Kuna kitambaa kingi cha kutoa, inchi nane za mzunguko wa kiuno. Nikachukua makasi.

"Wee!" akanishika mkono. "Usikate. Likunje ndani, niachie akiba. Nikinenepa utafungua mshono tu, sitaki kununua gauni jipya kwa ajili ya mkono wako mwepesi."

"Litavimba ubavuni, dada. Halitakaa vizuri."

"Livimbe. Na bei ni ya kupunguza, si ya kushona."

"Kupunguza ni kazi zaidi ya kushona."

"Umeanza."

Kanuni ya fundi ni kuacha inchi moja kila upande, na zaidi ya hapo gauni linakataa kulala. Nilikunja inchi nne kushoto na nne kulia, sikukata hata uzi, nikashona juu yake kwa mishono mirefu, ile inayofumuka kwa kuvuta mara moja. Halafu nikafungua daftari la kumi na tisa, nikaandika: dada mkubwa, thelathini na moja.