Nilimwambia Asubiri, Akaniletea Mbuzi

Admin, ficha jina langu vizuri, maana Kakuma ni ndogo na ofisini kwetu wote wanasoma hii page wakati wa chai. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa huku huku Turkana, nina mume na watoto watatu. Ninasimamia ofisi ya Kakuma ya shirika dogo la maji ambalo makao yake yako Lodwar. Tangu wiki iliyopita sikai nikatulia. Nikiketi nasimama, nikisimama nasahau nilikuwa naenda wapi. Chai naiweka jikoni mpaka inakauka.

Ilianza mkurugenzi wetu aliponiita Lodwar. Ni mtu wa dini sana, na ukimwona ameanza kikao kwa sala ndefu ujue kuna jambo baya linakuja. Siku hiyo aliomba mpaka nikafungua jicho moja. Alipomaliza akaniambia wafadhili wamepunguza msaada, ofisi ya Kakuma itafungwa mwisho wa mwezi, na wafanyakazi wote wataachishwa kazi isipokuwa mimi. Mimi nitahamia Lodwar kwa mshahara ule ule. Lakini nisimwambie mtu yeyote mpaka kikao cha Jumatatu, kwa sababu wakijua mapema wataacha kazi na pikipiki za ofisi zitapotea. Halafu akasema kwamba wa kutangaza ni mimi, si yeye.

"Wewe ni binti wa hapa," alisema. "Kutoka kwako watapokea. Mimi wataniona mgeni nimekuja kuwafukuza."

Simlaumu kwa kufunga. Pesa zikiisha zimeisha, hata mimi ningekuwa kwenye kile kiti ningefunga. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi ni wake na mdomo wa kuutoa ni wangu. Na bado nilikubali. Njia nzima ya kurudi Kakuma nilikuwa na hasira, kwanza na yeye, halafu na mimi mwenyewe.

Sasa kuna huyu dada ninayefanya naye kazi, nitamwita Akiru, ingawa si jina lake. Ndiye anayezunguka vijijini hadi Kalobeyei kuongea na kamati za visima, za wenyeji na za wakimbizi. Yeye chini yangu ni ofisini tu, nje ya hapo ni rafiki yangu. Nilipojifungua mtoto wa mwisho nikaugua, ndiye aliyenifulia na kunipikia bila kuombwa. Jumatano alikuja nyumbani kuniuliza jambo. Kampuni moja ya Lokichar ilikuwa inamtaka awe mtunza stoo. Akataka kujua kama huku kwetu kuna mbele, au afunge mizigo aende.

Aliniangalia machoni akingoja. Ningemwambia nenda, angeuliza kwa nini, na Akiru namjua, hakubali jibu lisilo na sababu. Ningemwambia baki, ningekuwa mwongo mchana kweupe. Basi nikamwambia, "Subiri kwanza." Niliona nimekuwa mjanja sana. Nilidhani hapo sijadanganya na sijatoa siri.

Kumbe yeye katika neno hilo alisikia bosi wake anamwambia kuna jambo zuri linapikwa. Leo asubuhi amekuja tena, anavuta mbuzi jike kwa kamba, uso umejaa furaha.

"Ejok, dada," akanisalimia kwa Kiturkana. "Ile kazi ya Lokichar nimekataa. Wananibembeleza ati nifikirie mpaka kesho jioni, lakini mimi sina haja. Wewe uliniambia ningoje, na wewe huwezi niambia maneno ya bure. Huyu mbuzi ametoka kwa mama. Si wa kuchinja, ni wa maziwa ya watoto."

Wasio wa huku labda mtaona ni zawadi tu. Kwetu, mtu akikupa mbuzi wa kufuga amekufanya ndugu. Shida yake ni yako na yako ni yake, hadi kwa watoto. Na mama yake Akiru ukame haukumbakishia mifugo ya kugawa ovyo. Nilishika kamba, nikasema asante. Alipotaka kukaa tuongee, nikasingizia malaria.

Mume wangu nimemweleza yote. Yeye hana kazi tangu mwaka jana, kwa hiyo hilo la Lodwar analishika kwa mikono miwili. Ananiambia sijadanganya mtu, nilisema subiri na subiri si ahadi. Natamani kumwamini. Lakini mbona basi siwezi kumtazama huyo mbuzi?

Nikimwambia Akiru leo, kesho atawahi kazi yake ya Lokichar. Lakini ataondoka ghafla, wenzake watauliza, na mkurugenzi hatahitaji kupiga ramli kujua nani amesema. Lodwar nitakuwa nimeipoteza, na watoto wanaitegemea. Nikinyamaza, Jumatatu nitasimama mbele yake nimfukuze, na maziwa ya mbuzi wa mama yake yako kwenye kikombe cha mwanangu. Hata kumrudisha mbuzi kimyakimya siwezi. Mbuzi wa namna hii harudishwi, na Akiru akimwona amerudi atajua kila kitu kabla sijafungua mdomo.

Mtoto wangu mdogo ameshampa jina. Sasa hivi wako uani, anamlisha majani na kumwimbia, nami nimejifungia chumbani naandika haya.

Nyinyi mliowahi kuongoza watu, na hasa nyinyi mliowahi kufukuzwa kazi na mtu mliyemwamini, nisemesheni, nifanye lipi? Nitukaneni mkitaka, nitasoma yote. Ila nawaomba, asitokee hata mmoja wa kuniambia nisubiri.