Swali la Kalunde Siku ya Chanjo

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ni ya mwanzo wa mvua, enzi za Mwingereza, nami nikiwa dresa, yaani msaidizi wa tabibu, kijana wa Tabora mwenye kaptula iliyopigwa pasi na baiskeli ya kazi. Nakusimulia kwa sababu jana nilikaa kwenye benchi la zahanati yako nikingoja dawa ya miguu, nikakusikia ukimwambia yule mama mwenye mtoto mgongoni kwamba watu wa kwao ni wajinga, ndiyo maana wanaogopa chanjo. Nilikasirika hata nikaondoka bila dawa. Nilikukasirikia wewe, na nilimkasirikia kijana niliyekuwa.

Kazi yangu ilikuwa kuchanja ndui. Nilitumwa kijiji kimoja upande wa Nzega, kando ya njia ya zamani ya misafara. Dawa ya chanjo nilikuwa nayo kwenye chupa yenye barafu, na joto likiipata inaharibika, basi nikafika na haraka zangu. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa amewapanga watu uwanjani kwake tangu alfajiri. Nilimsalimia yeye peke yake, kisha nikaanza kuwahubiria watu habari za ndui. Hebu mwone kijana huyo. Ndui ilipita na misafara mbele ya milango yao, na mle mstarini walisimama wazee wenye makovu yake usoni, wananisikiliza mimi ambaye nilikuwa sijamuuguza hata mgonjwa mmoja wa ndui.

Zamu ikamfikia mjane mmoja jina lake Kalunde, amembeba bintiye mdogo, Nyamizi. Alipiga goti akaniamkia, halafu akauliza, "Baba, huu mkono utauma lini, na kwa siku ngapi? Na mtoto, homa itamshika lini? Maana mimi kesho..."

Sikumwacha amalize. Jibu nililijua, nilikuwa nimefundishwa: kesho yake hakuna maumivu ya kumzuia mtu kazi, uvimbe na homa huja baada ya kama wiki, vikakaa siku chache, vikaisha. Ningesema hayo kwa muda wa kufungua kizibo cha chupa. Mimi nikamwambia mbele ya watu wote, "Serikali haihojiwi na wanawake. Toa mkono." Watu wakacheka, nami nikajiona hodari. Kalunde hakucheka. Alikaza kanga ya mtoto, akatoka mstarini, na wanawake kama sita wakamfuata. Daftarini nikaandika: wakaidi, wanaogopa uchawi. Uchawi, mwanangu, wakati hakuna aliyetamka neno hilo uwanja mzima.

Kabla mtama haujakomaa, ndui ikaingia pale kijijini. Kalunde haikumgusa. Nyamizi ilimlaza wiki nyingi, na ilipomwacha alikuwa haoni, macho yote mawili.

Habari zilipofika Tabora nilimwambia Mzee Maganga, dresa mkuu aliyenifundisha kazi, kwamba mama yule kayataka mwenyewe. Mzee alikuwa anachemsha vyombo. Akaondoa sufuria motoni.

"Alikataa kwa nini?"

"Ushirikina tu, mzee."

"Alikwambia hivyo?"

"Hapana, mzee."

"Panda baiskeli uende ukamuulize. Dawa usibebe, daftari usibebe. Na usikanyage hapa bila jibu."

Nilimkuta Kalunde uani anatwanga, mtoto amekaa kwenye ngozi, uso ameugeuzia kwenye mlio wa mchi. Nikamwamkia shikamoo, jambo ambalo sikulifanya siku ile ya kwanza. Akaitikia marahaba, akaniletea kigoda. Nikamuuliza kwa nini alikataa.

"Sikukataa, baba. Sisi wanawake tunalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku ya pili yake ilikuwa zamu ya shamba langu. Usiposhika jembe na wenzako, zamu inakupita, na mimi sina mume. Wale walioondoka na mimi ndio wenzangu wa jembe. Nilitaka kujua mkono utauma lini, basi."

Siku ya pili yake. Angechanjwa, angelima, shamba lingeisha, na mkono ungeanza kuvimba mbegu ziko ardhini. Nilimweleza hivyo. Aliacha kutwanga, akamtazama mwanawe. "Kwa hiyo ulijua," akasema.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakuwa na deni hilo. Alinyoosha mkono tu, nimchanje. Nikamwambia sikuja na dawa, ataje siku yeye mwenyewe nami nitakuja. Akaitaja, nikaenda.

Hasira ya siku ile sijaiacha, na sitaki kuiacha. Mtoto alipoteza macho kwa sababu mtu aliyevaa sare aliona swali la mama yake ni utovu wa adabu. Halafu jana, baada ya miaka yote hii, nakusikia wewe na sare yako safi unasema maneno yale yale.

Mama wa jana hakuikimbia chanjo. Alikuja nayo hofu yake mpaka mezani kwako, akaondoka nayo. Nimeuliza, anakaa kwa dada yake, mtaa wa Kanyenye. Nenda leo. Msalimie kwanza, umuulize kinachomsumbua, kisha ufunge mdomo mpaka amalize, hata kama foleni ni ndefu. Mwambie ukweli wote, pamoja na homa na maumivu, maana ukimficha homa akaiona mwenyewe usiku, hatakuamini tena. Usilolijua sema hulijui, ukatafute jibu umpelekee. Akiomba siku nyingine, mpe, na siku hiyo uwepo. Na usimcheke mtu mbele ya wenzake, kwa maana atakayeumia ni mtoto.

Nenda sasa, mwanangu, kabla sijakasirika upya. Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, na kila mtoto atakayepita mikononi mwako akue, aje akuone kwa macho yake ukiwa mzee.