Niliomba Gia kwa Undugu Usio Wangu

Nilikosa. Sitafuti wakili wala wa kunihurumia. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui, na pengine una mtu unayetaka kumfanyia vile nilivyofanya.

Nilifika Nkubu, huku Meru, kwa baiskeli kutoka Kitale. Usicheke! Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, kibarua kilikuwa kimeisha, na mimi nikikaa mahali pamoja sana miguu huniwasha. Nilipita Eldoret na Nakuru. Nyahururu nikanyeshewa siku mbili mfululizo. Nanyuki nikalala kwenye veranda ya duka la mbegu. Kutoka Timau kushuka Meru niliimba kama mwendawazimu. Wazazi wangu walihama kutoka huku kabla sijazaliwa, na mama hakuchoka kunisimulia vilima hivi mpaka alipofariki. Nilihisi narudi nyumbani ambako sijawahi kufika.

Vilima vyenyewe vikanipokea kwa kichapo! Baiskeli yangu ni ya mbio, zile nyembamba zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Gia yake kubwa kabisa ya nyuma ilikuwa na meno ishirini na tano. Hiyo ni gia ya tambarare. Kabla ya kufika Nkubu nilishuka, nikaanza kusukuma.

"Muga," mtu akanisalimu kutoka kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. "Unaisukuma, ama ndiyo inakusukuma?"

Huyo ndiye Kirimi, fundi wa baiskeli, rika langu. Alipiga magoti kwa shida, akahesabu meno ya nyuma kwa kidole.

"Ishirini na tano! Hii ni ya watu wa Kisumu, bana. Huku ni kupanda na kushuka mpaka Embu. Utakufa na hizi meno."

Nilikusudia kupumzika siku moja. Nikakaa miezi saba. Kirimi alinipa chumba kwao, na mchana nilimsaidia kuziba pancha na kunyoosha rimu. Mama yake alitupikia mukimo, akanitania kwamba Kimeru changu kina harufu ya mahindi ya Kitale.

Sasa sikiliza. Ukutani mwa kibanda, ndani ya karatasi ya nailoni, kulikuwa na kaseti, yaani lile fungu la meno ya nyuma. Kubwa lake lilikuwa na meno thelathini na manne. Pamoja nayo ulikuwepo ule mkono mrefu wa kuhamisha cheni, maana mkono mfupi hauwezi meno makubwa hivyo. Kirimi aliitafuta seti hiyo muda mrefu. Pikipiki ilikuwa imemvunja goti, na daktari alimwambia anaweza kuendesha baiskeli tena, lakini kwa gia nyepesi tu. Alingoja goti lipone kidogo zaidi aifunge, apande mwenyewe mpaka kwenye majani chai yake kule juu, asiwe mtu wa kubebwa na boda boda kila siku.

Nilijua yote hayo. Na bado niliitamani kama mtu anavyotamani mke wa mwenzake!

Kwa Wameru kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni undugu wa kiapo ambao koo fulani na fulani zilifungiana zamani. Mtu wa gichiaro chako humdanganyi, humpigi, na akikuomba kitu humnyimi, hata kama ni shati la mwilini. Ukimnyima, balaa inakuandama. Watu wanakwenda kanisani Jumapili na bado gichiaro wanaiogopa.

Nilikuwa kwenye hoteli ya chai niliposikia wazee wakitaja ukoo ambao ni gichiaro na ukoo wa Kirimi. Ukweli ni kwamba baba yangu alikufa bila kuniambia ukoo wetu. Sina! Nikaokota huo.

"Kirimi," nikamwambia kesho yake, kama mtu anayeongea tu, "unajua baba yangu alikuwa wa ukoo gani?" Nikautaja ule niliousikia hotelini.

Spana ikamponyoka.

"Wewe! Na umekaa hapa kimya? Mama! Mama, kuja uone! Huyu si mgeni, ni gichiaro!"

Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Akanishika mashavu, akacheka. "Basi tumekwisha! Sasa tutakunyima nini?"

Tangu siku hiyo sahani yangu ilipakuliwa kwanza.

Nilingoja wiki moja. Kisha nikaomba ile seti.

Kirimi aliangalia ukuta, akaangalia goti lake. "Unaomba kama gichiaro?"

"Ndiyo."

Aliitungua. Akaifunga kwenye baiskeli yangu mchana kutwa, polepole. Cheni ya zamani ilikuwa fupi, akaleta mpya. Akaizungusha kwenye meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma, akaongeza pingili mbili, ndipo akakata. "Ikiwa fupi," akanionya, "siku utaweka kubwa kwa kubwa itang'oa kila kitu." Hata mimi sikuwahi kujifanyia kazi nzuri hivyo.

Nilipanda kilima nikiwa nimekaa kitako! Nilipogeuka nilimwona amesimama barabarani, mkono mmoja kwenye goti, mwingine akinipungia.

Nilikuwa na rafiki mwingine, Njeru, mkulima wa kahawa wa Runyenjes, upande wa Embu. Kila Jumamosi yeye alipanda na baiskeli yake, mimi nikashuka, tukakutana Chuka, kisha tukaendesha pamoja. Zamani tulikuwa tukishindwa na milima pamoja, tukisukuma na kutukana. Baada ya gia mpya nilimwacha kila kilima, nikawa namngojea juu nikimpigia makofi.

Siku moja tukila ndizi kando ya daraja, moyo ulinilemea, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe ni mnyama! Lakini hiyo imeingia hapa," akapiga tumbo lake, "haitoki."

Ilitoka! Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Kirimi hafanyi kazi. Mama yake alikuwa amekaa kando yake kwenye benchi.

"Ukoo wa baba yako ni upi?" Kirimi akauliza.

Nikautaja ule.

"Njeru alikuwa hapa."

Njeru! Mtu niliyegawana naye ndizi na maji ya chupa moja! Alipanda gari, akasafiri kutoka Runyenjes, aje kuniuza! Nilimpigia simu pale pale.

"Tangu uwekewe hizo meno naona tu mgongo wako," akaniambia. "Unaningoja juu na hicho kicheko chako. Sasa ngoja."

Akakata. Uchungu wa kuuzwa huko sijausahau. Nilitaka kumlaani Njeru mbele yao, nikaanza hata kusema, "Huyo ni msaliti," na Kirimi akanikatiza.

"Ungeniomba hivi hivi, labda ningekataa," akasema. "Lakini hukuniachia nafasi ya kukataa."

Mama yake alikuwa akisokota pindo la leso. "Mimi nilikuita mwanangu. Hilo jina nalo ulilitaka la nini?"

Nilichukua spana nianze kufungua kaseti niirudishe. Kirimi akanishika mkono.

"Wacha. Mimi niliitoa kwa kweli, na kilichotoka kwa gichiaro hakirudi. Uongo ni wako, tembea nao."

Kabla sijamaliza nakuonya: usijiingize katika undugu wa watu ili upate kitu. Kitu utakipata. Halafu siku utakaposalitiwa, na utasalitiwa, hutakuwa na mlango wa kwenda kulia. Mimi nilipoteza marafiki wawili na mama mmoja, na wa kwanza kumsaliti mwenzake nilikuwa mimi.

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Mama yake hakutoka jikoni. Kirimi alikuwa ameshafungua kibanda. Aliniona nikipita, akainua mkono nisimame. Nikadhani, Mungu wangu, amenisamehe!

Alichuchumaa kwa shida ile ile, akaangalia cheni, akaipaka mafuta, akazungusha pedeli, akasikiliza. Akasimama akijifuta vidole kwa kitambaa.

"Iko sawa," akasema. "Safari njema, kastoma."